Dirisha la Mafaili Lililofunguka Kigangoni Kakese

Mtu wa kwanza hapa Mpanda kuifanya pawapointi ifungue dirisha la kuchagua faili katikati ya onyesho, mbele za watu, ni mimi. Sikusoma. Niliishia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Waliokuwa na vyeti vyao walikuja dukani kwangu kuuliza nimefanyaje. Na mtu wa kwanza kutamani sakafu ipasuke immeze kwa sababu ya dirisha hilo hilo, pia ni mimi.

Nawaandikia nyie vijana mnaofungua steshenari kila kona, mnaonipigia simu mkisema, "Injinia, ile makro yako ya kufungua mafaili ikoje?" Duka nimeshamwachia mke wangu. Mgongo umekataa kiti, macho yamekataa kioo, sasa nalima alizeti zangu na nazilima vizuri kuliko jirani zangu wote. Makro nitawapa. Ila mtaipokea pamoja na aibu yake, kwa sababu mimi kila nikikumbuka, mpaka leo, naacha jembe na kufunika uso.

Kazi nilifundishwa na Bibi Konsolata. Alikuwa na taipureta kwenye baraza karibu na boma, na alipiga chapa barua za watu wote waliokuwa na shida na serikali, yaani watu wote. Mimi nilikuwa nauza karanga pale. Siku moja akaniambia, "Wewe mwenye karanga, una vidole virefu. Kaa hapa." Akafunika mikono yangu kwa kanga yake, akaniambia nitafute herufi A bila kuiona. Nikikosea, rula inashuka. Baada ya miezi minne nilikuwa nachapa huku namtazama mteja usoni, nampa na chenji ya karanga.

Bibi alikuwa na sheria moja. "Mpiga chapa ni daraja," alisema. "Watu wanapita juu yake. Daraja halimuulizi mtu anakwenda kuposa au anakwenda kushitaki." Nilimwona kwa macho yangu akichapa barua ya mashitaka dhidi ya mtoto wa kaka yake mwenyewe. Mteja anasoma kwa sauti, Bibi anapiga, jina la ukoo wake likapita mara sita kwenye karatasi, na hata mdomo hakuukunja. Alipomaliza akasema, "Mwingine." Niliona huo ndio ufundi. Nikajiapiza nitakuwa daraja kumshinda.

Sheria yake ya pili ilikuwa ya kuhifadhi. Kila nakala andika juu yake jina la mtu na shida yake, siyo namba. "Namba utaisahau," alisema, "shida ya mtu hutaisahau." Nilipopata kompyuta nikaendelea vile vile. Kila faili langu lilikuwa na jina refu la kueleweka: MAIKO KUOMBA ULINZI MGODINI. ANITA BARUA YA KUACHA SHULE. MZEE SEVERINI KUKANA MTOTO. Yote kwenye folda moja, KAZI ZA WATEJA. Mteja akirudi hata baada ya miaka mitatu, kabla hajakaa, karatasi yake inatoka kwenye printa. Hamtaamini sifa niliyoipata kwa ajili ya hilo. Watu walisema kichwa changu ni kabati.

Sasa makro. Hii nilipewa na bwana shamba mmoja aliyekuwa akizunguka vijijini kuonyesha wakulima picha za wadudu. Alichoka kuingiza picha mpya kila jioni. Akaniambia, "Ndugu yangu, hii programu inaweza kuamriwa. Unaandika maneno mahali, unaweka kitufe kwenye slaidi, ukibonyeza kitufe maneno yanatekelezwa." Akanichorea mistari saba kwenye karatasi ya daftari na kunionyesha pa kuiandika, nyuma ya pazia la programu, unapofika kwa kubonyeza Alt na F11 pamoja.

Kiingereza sikijui. Yale maneno niliyajifunza kwa sura, kama mtu anavyowajua ng'ombe wake. Application, nukta, FileDialog. Nilijua FileDialog ana herufi mbili kubwa kama ng'ombe mwenye mapembe mawili. Nikikosea herufi moja mashine inaniwekea mstari wa njano, nami natafuta ng'ombe gani kakatwa sikio. Wiki mbili. Halafu asubuhi moja, onyesho likiwa linaendelea, nikabonyeza kitufe na dirisha likafunguka juu ya slaidi, likiwa na folda zangu zote ndani, linanisubiri nichague. Nilisimama kutoka kwenye kiti. Mke wangu alikuja mbio akidhani nimepigwa shoti. Nikamwambia, "Angalia. Limenitii." Akaangalia. Akasema, "Hilo si lile dirisha la kila siku?" Nikajua hawezi kuelewa ukubwa wa jambo, nikamsamehe.

Nyie msifanye kosa langu la kwanza, lile dogo. Nilipeleka kitufe changu kwenye mkutano wa wakulima wa pamba Kasekese. Nimevaa shati jeupe, nimesimama mbele, nabonyeza, kimya. Nabonyeza tena, kimya. Kumbe nilisevu onyesho kwa aina ya kawaida, na aina ile inatupa makro zote njiani bila kukuambia. Lazima uchague aina inayoishia na herufi m. Na ukifika na kompyuta ya watu, ule ukanda wa njano unaojitokeza juu uukubali kwanza, la sivyo makro zinalala. Mzee mmoja nyuma akasema, "Injinia, kitufe kimefariki. Tuchange sanda?" Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Nilirudi Mpanda nimeinama, na tangu siku hiyo herufi m sijaisahau.

Kosa la pili ndilo lililonifanya niandike haya.

Watu wakichagua faili, kuna wanaoogopa. Dirisha likifunguka, wanabonyeza Ghairi, wanakimbia, kitufe kinabaki hakijafanya kazi na mimi naonekana bure. Kwa hiyo nikaongeza mistari yangu mwenyewe, siyo ya bwana shamba, ya kichwa changu. Nikaiambia makro: mtu akighairi, fungua tena. Akighairi tena, fungua tena. Mpaka achague. Nilijisifia hiyo kwa kila aliyeingia dukani. Niliwaambia, "Kwangu mtu hatoki bila picha."

Sasa, Kakese alikuwepo mkulima wa mpunga, Mzee Venansi, mwenye majaruba mazuri kuliko yote upande ule, yale yanayopata maji mapema. Alifariki. Akaacha mjane, Mama Gaudensia, na mabinti watatu. Mwaka ukaisha, familia ikapanga siku ya kuweka msalaba. Kwa wasiojua: kaburi linajengewa, msalaba wa mti wa mwanzo unaondolewa, unawekwa wa kudumu, padre anaongoza misa, watu wanakula, halafu ukoo unakaa na kumaliza mambo ya marehemu. Siku hiyo ndiyo mambo yanapofungwa. Likifungwa siku hiyo, kulifungua tena ni kama kufukua.

Mdogo wa marehemu, Bwana Deusi, alinikodi nionyeshe picha za kaka yake ukutani. Alikuja dukani wiki ile na shughuli mbili. Ya kwanza picha. Ya pili karatasi ya daftari yenye mistari aliyoandika kwa mkono, inapanda na kushuka kama njia ya mbuzi.

"Hii nayo uninyooshee," akasema. "Ni ya familia."

Nikachapa. Ilikuwa inasema mjane wa Venansi anaachia shamba la mpunga la Kakese kwa shemeji yake na kurudi kwao Kasekese baada ya msalaba. Iliandikwa vibaya, haikuwa na kichwa wala mkia. Mimi nikaitengeneza. Nikaweka kichwa cha habari, nikakipigia mstari. Nikaweka nafasi ya dole gumba. Na kwa kuwa barua za namna hii zina mapambo yake, na mimi mapambo nayajua kuliko makarani wa boma, nikaongeza mwenyewe: "kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na mtu yeyote."

Deusi akasoma, akanipiga begani. "Wewe ni mwanasheria."

"Sikusoma tu," nikamwambia. "Ningesoma, wangekoma."

Jina la Mama Gaudensia lilipita vidoleni kwangu mara nne, na mimi namfahamu. Sikuuliza chochote. Daraja haliulizi. Nikaisevu: DEUSI, MJANE KUACHIA SHAMBA KAKESE ARUDI KWAO. Nikatoa nakala tatu, nikaendelea na picha.

Siku ya msalaba. Misa iliisha, padre akaondoka kuwahi kigango kingine, watu wakala wali na nyama, tukaingia ndani ya kanisa la kigango kwa ajili ya picha. Ilikuwa saa nane mchana, jua la kuchoma. Kuonyesha picha ukutani saa nane inataka akili, na akili ninayo: niliziba madirisha kwa maturubai ya kuanikia mpunga, jenereta nikaiweka mbali nyuma ya choo isitupigie kelele, projekta nikaiinua juu ya viti viwili. Ukuta ulikuwa mweupe safi. Watu walikuwa kama mia tatu, na wengine wamesimama mlangoni wanazuia mwanga kwa migongo yao bila kujua wananisaidia.

Wazee wengi pale hawasomi, au wanasoma kwa shida. Kwa hiyo wana utaratibu wao, na ni utaratibu mzuri: kila kitu kilichoandikwa ukutani kinasomwa kwa sauti na Mwalimu Ladislausi. Ni katekista. Ana sauti inayofika makaburini. Anasoma kila neno, haruki, haongezi, sauti ile ile ya somo la misa. Picha ya kwanza ikatokea na maandishi yangu chini, naye akasimama pembeni: "Venansi akiwa kijana. Hapa ni Mpanda stesheni." Watu wakaguna. "Venansi na baiskeli yake ya kwanza." Wakacheka kidogo, akina mama wakafuta macho. Mama Gaudensia alikuwa mbele kabisa, kwenye mkeka, mabinti zake pembeni, Bwana Deusi kwenye kiti upande wa kulia na mfuko wa plastiki magotini.

Mambo yalikwenda vizuri mno. Nikapata kiburi. Nikasimama, nikasema, "Ndugu zangu, sasa yeyote mwenye picha ya marehemu kwenye flashi alete. Hatuhitaji kusimamisha onyesho. Naweka flashi, nabonyeza hiki kitufe, dirisha linafunguka, tunachagua, picha inatokea. Kitu hiki Katavi nzima hamtakiona kwingine."

Dada wa marehemu, aliyetoka Kapalamsenga, akanyanyuka na flashi yake iliyofungwa kwenye ncha ya kanga. Nikaichomeka. Nikabonyeza.

Dirisha la namna hii, usipoliambia lifungukie wapi, linafungukia mahali programu ilipogusa mara ya mwisho. Asubuhi ile kwa haraka nilisevu onyesho la marehemu ndani ya KAZI ZA WATEJA. Na usipoliambia lionyeshe aina gani ya mafaili, linaonyesha yote. Na kwa sababu ya macho yangu, nilikuwa nimekuza maandishi ya kompyuta nzima, makubwa kama ya bango.

Ukuta mzima wa kanisa ukajaa shida za watu.

Sikusogea. Nikasikia sauti ya Mwalimu Ladislausi ikianza, taratibu, kwa heshima, maana yeye kazi yake ni kusoma kilichopo ukutani:

"Anita, barua ya kuacha shule. Beno na Veneranda, kutengana. Chama cha kwaya, barua ya kumwondoa mwenyekiti..."

Upande wa kwaya mtu akasema polepole, "Ehe."

"Deusi," akasoma Mwalimu, "mjane kuachia shamba Kakese arudi kwao."

Akanyamaza. Ndiyo mara ya kwanza kumwona Mwalimu Ladislausi akinyamaza katikati.

Mimi nikabonyeza Ghairi. Dirisha likafungwa. Likafunguka tena. Mistari yangu. Fahari yangu. Nikaghairi, likafunguka. Nikaghairi, likafunguka. Kuna kitufe cha kuvunja makro iliyoshikwa na kichaa, unakibonyeza pamoja na Ctrl, lakini laptopu yangu ilikuwa ya zile ndogo, kitufe hicho haina. Nikachomoa waya wa umeme wa laptopu. Laptopu ina betri. Sikukumbuka kuzima projekta, nyie, kitu kilichokuwa mbele yangu kinapuliza hewa ya moto usoni. Nikafanya jambo la mtu asiye na akili: nikaruka nikasimama mbele ya taa. Maneno yakahama kutoka ukutani yakaja kwenye shati langu jeupe. Mtoto mmoja akasema, "Sasa liko tumboni kwake."

"Kaka, toka hapo," akasema Mama Gaudensia.

Hakupaza sauti. Nikatoka.

"Mwalimu, hiyo ya Deusi isome tena."

Mwalimu akaisoma tena. Jenereta tu inasikika kule chooni.

Bwana Deusi akasimama. "Ni virusi hivyo," akasema, anacheka meno ya mbele tu. "Hizi mashine zinaingiliwa. Fundi, si ni virusi? Waambie."

Wateja wangu wote niliwahi kuwafichia siri. Ndiyo kazi. Kama ningesema ni virusi, nusu ya wale watu wangekubali, maana mimi ndiye niliyejua mashine na wao hawakujua. Nilifungua mdomo niseme. Nikamwangalia yule mama, naye ananiangalia, hana hasira, ana mshangao tu, kama mtu aliyeona nyayo za kiatu anachokijua nyuma ya nyumba yake.

"Wewe ndiye uliyeiandika?" akaniuliza.

"Mimi, mama."

"Inasema nini ndani?"

"Inasema unaachia shamba. Ina sehemu ya dole."

"Dole la nani?"

"Lako."

Watu wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja wa ukoo akamnyooshea Deusi mkono. "Huo mfuko una nini, mwanangu?"

"Karatasi za gharama za msalaba."

"Zilete."

Alizitoa. Nakala zangu tatu, safi, zimenyooka, kichwa cha habari kimepigiwa mstari. Kumbe mpango ulikuwa huu: baada ya picha, ukoo ukikaa, mama angeambiwa ni karatasi ya kukubali gharama za msalaba, angeweka dole pamoja na wengine, na kesho yake angekuwa mgeni kwenye shamba alilolipanda kwa mikono yake miaka ishirini. Mwalimu akapewa asome. Akasoma yote, kwa ile sauti. Alipofika kwenye "kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na mtu yeyote", Mama Gaudensia akainua mkono.

"Hapo. Hayo nani kayasema? Mimi sijayasema. Shemeji, ni wewe?"

Deusi alikuwa anatoka jasho mpaka kidevuni. Akanigeukia. "Hayo siyo yangu. Mungu anisamehe kwa mengine, lakini hayo siyo yangu. Nendeni mkaangalie daftari langu. Hayo kayatia yeye fundi."

Mia tatu wakanigeukia.

Nyie vijana, nimewahi kuungua na umeme, nimewahi kufukuzwa na tembo njia ya Kapalamsenga, nimewahi kuambiwa mwanangu kazimia shuleni. Sijawahi kushtuka vile. Kwa sababu ilikuwa kweli. Deusi aliandika uchoyo wake mwenyewe kwa mwandiko wake mbaya, na yeyote angeusoma angeona ni uchoyo. Mimi ndiye niliyeuvalisha suti. Hiari ya yule mama niliitoa kichwani mwangu, bure, kwa sababu ilikaa vizuri kwenye mstari.

"Nilidhani ndivyo zinavyoandikwa," nikasema.

"Jina langu umelitia mara ngapi humo?" akauliza.

"Mara nne."

"Na duka lako na soko ninapouzia mchele ni hatua ngapi?"

Alijua na mimi nilijua. Ananiona kila Jumamosi.

Hakuchana zile karatasi. Alizikunja, akazitia kifuani, akasema, "Nitakaa nazo mimi. Mwalimu, tuendelee na picha, watu wametoka mbali." Nikachagua picha kutoka kwenye flashi, nayo makro ikatulia, kondoo kabisa. Marehemu akatokea ukutani akiwa ndani ya jaruba, maji magotini. Mwalimu akasoma chini yake. Deusi aliondoka kabla ya picha kuisha, na hakuna aliyemwita.

Kesho yake nilipofika dukani niliwakuta watu mlangoni. Nikadhani wamekuja kunipiga. Walikuja kufutiwa. "Nifutie langu." "Na langu." Mwenyekiti wa kwaya alikuja kuliona lake, akalisoma, akaomba apewe nakala kabla halijafutwa. Mwalimu Ladislausi mwenyewe alisubiri mpaka wengine wametoka, akasogea karibu na kunong'ona, sauti ile ile iliyofika makaburini sasa haifiki hata kwenye printa: "Ile ya kuomba kuhamishwa parokia. Ilikuwa chini kidogo, sikuifikia. Itoe." Niliitoa.

Siku ile ile nikairudia makro. Sasa ichukueni, hii ndiyo iliyo sawa. Kabla ya neno Show, weka mstari wa InitialFileName uelekee kwenye folda moja tu, folda ya picha za shughuli hiyo, isiyo na kitu kingine ndani. Futa vichujio vya zamani kwa Filters.Clear, kisha ongeza kichujio kimoja cha picha, ili faili lisilo picha lisionekane hata kwa jina. Zuia kuchagua zaidi ya moja. Halafu Show ikirudisha namba hasi moja, mtu kachagua, endelea. Ikirudisha sifuri, mtu kaghairi, na akighairi mwache aende zake. Mtu kusema hapana ni jibu. Mimi nilitengeneza mashine isiyokubali hapana, na nilikuwa naisifia. Na kama siku moja ikikushika mbele za watu, chagua faili lolote hata kama siyo la picha, itagoma, itakuonyesha kosa na kunyamaza. Mimi nilikumbuka hilo nikiwa nimefika nyumbani.

Wateja walipungua. Wengine walikwenda kwa yule mpiga chapa wa stendi, wakisema kwangu kuta zinasoma. Wengine wakaja kwa sababu hiyo hiyo, hasa wanawake. Nikaanza kuuliza. Mtu akileta karatasi yenye dole la mwingine, namwambia mlete mwenye dole, akae hapa, nimsomee. Bibi Konsolata, wakati huo mzee sana, alipoambiwa alisema nimeharibu kazi. Nilikwenda kumsalimia nikamwambia, "Bibi, mtu akilivuka daraja anaswaga ng'ombe aliyemwiba kwa jirani, daraja nalo linajua." Aliomba nimkunie mgongo.

Mavuno yaliyofuata Mama Gaudensia alikuja dukani. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatoa kifuani zile nakala tatu, zimelegea kama kitambaa.

"Nataka uniandikie."

"Nani anaachia nini, mama?"

"Deusi ana watoto saba na shamba lake ni la mawe. Nampa jaruba moja, lile la mwisho. Alime."

Nikamwambia, "Baada ya yale?"

"Watoto wake hawakuandika chochote," akasema. "Chapa."

Nikachapa, nikimsomea kila neno kabla sijalipiga. Jina lake. Jaruba la mwisho upande wa mfereji. Nikafika pale penye mapambo na vidole vikasimama vyenyewe, hewani, kama mwaka ule chini ya kanga ya Bibi. Nikamgeukia.

"Mama, hapa huwa naandika 'kwa hiari yangu'. Niandike?"

Aliangalia nje, kuna mkokoteni wa magunia ulikuwa unapita, akausubiri upite wote.

"Andika," akasema. "Halafu andika ni kwa msimu mmoja. Tutaangaliana."